Fundi Anajibu: Dari, baridi na usalama wa nyumba za nyanda za juu

Kuanzia Mei hadi Agosti maswali mengi yanayofika kwetu ni ya baridi. Safari hii tumechagua yanayohusu kuhami nyumba, yaani kuweka tabaka linalozuia joto lisitoroke usiku na lisimiminike ndani mchana. Penye moto, umeme na hewa yenye sumu tumekaa zaidi. Kwingine tumepita haraka.

Sufi au foili?

*Habari za kazi. Nyumba yangu ipo Uyole, mita 9 kwa 8, bati geji 30, dari ya jipsamu. Jua likizama tu, baridi inashuka kana kwamba hakuna dari, na mchana vyumba vinachemka. Fundi mmoja ananiambia niweke foili ya kung'aa, mwingine sufi ya kioo. Ninunue ipi, kiasi gani, na kazi inafanywaje? (Msomaji, Uyole, Mbeya)*

Kwa Uyole, sufi ya kioo, yaani blanketi la nyuzi laini za kioo. Foili inarudisha joto linalomulika, na kazi inayoiweza zaidi ni ya mchana: bati linachomwa na jua, linamulika joto kuelekea chini, foili inalirudisha. Ndiyo maana inasifiwa Dar es Salaam na hata Kyela. Usiku wa Uyole mambo yanageuka. Joto la chumbani linapanda pamoja na hewa, linapenya jipsamu na kuishia kwenye bati, na hapo foili haifui dafu. Tena inahitaji nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25 upande wake unaong'aa. Ukiilaza juu ya jipsamu ikatandwa na vumbi, umenunua karatasi. Mwenye uwezo aweke foili chini ya papi (mbao zinazobeba bati) na sufi juu ya dari. Mwenye pesa ya kitu kimoja aweke sufi.

Unene uwe milimita 100. Sufi ya kawaida hupitisha joto kwa kiwango cha kama 0.04, na unene wa mita 0.1 ukigawanywa kwa 0.04 unapata ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia joto, wa 2.5. Dari yako ya sasa, ukijumlisha jipsamu, hewa ya darini na bati, inazungukia 0.4 tu. Ukiongeza sufi unafika 2.9, kwa hiyo joto linalopotea kupitia dari linashuka hadi karibu moja ya saba. Ukipanda hadi milimita 200 unapata nafuu nyingine, lakini ndogo kuliko ile ya kwanza. Fedha hiyo ni bora iende kwenye milango na madirisha ya luva yasiyofunga vizuri.

Kiasi: 9 mara 8 ni mita za mraba 72. Roli yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 15 inafunika mita za mraba 18, hivyo tabaka moja linataka roli 4. Nunua yenye unene wa milimita 50, roli 8, ulaze matabaka mawili. Soma lebo kabla ya kulipa kwa sababu vipimo hutofautiana, na angalia uzito kwa mita ya ujazo. Sufi ya kilo 12 hadi 24 kwa mita ya ujazo inaongeza kilo 1.2 hadi 2.4 tu kwa kila mita ya mraba ya dari, na jipsamu iliyofungwa vizuri haitalalamika.

Kabla ya kufungua roli hata moja, panda darini siku moja baada ya mvua ukiwa na tochi ya kichwa. Tafuta alama za maji kwenye kenchi (fremu za mbao za paa), misumari ya bati iliyolegea na mpira wake uliopasuka, na kofia ya paa iliyoinuka. Ziba kwanza. Sufi iliyolowa ni kama blanketi lililotoka kwenye karai: haimpi mtu joto, na uzito wake unavuta dari chini. Siku hiyo hiyo fundi umeme akague viungio vyote vya waya na kuvifunika kwenye maboksi, kwa sababu baada ya wiki moja havitaonekana tena.

Kisha ziba matundu ya dari: pale bomba linapopita, pale waya wa taa unaposhuka, kwenye mipasuko ya kona. Silikoni au plasta ya jipsamu inatosha. Mfuniko wa kupandia darini usiusahau. Gundisha kipande cha sufi juu yake na uzungushie mpira wa kuzuia upepo kwenye fremu. Kazi hii ya saa chache ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya watu waseme sufi haifanyi kazi.

Darini tembea juu ya ubao uliolala kwenye kenchi mbili au tatu, kamwe si juu ya jipsamu. Tabaka la kwanza lilale kati ya mbao za chini za kenchi, likiwa limekatwa pana kuliko nafasi kwa milimita 10 hadi 15 ili lijishike lenyewe. Tabaka la pili lipite kwa kukingama, lifunike na zile mbao. Ubao hupitisha joto karibu mara tatu zaidi ya sufi, hivyo mbao zilizoachwa wazi ni njia za baridi. Usikandamize. Sufi ya milimita 100 iliyobanwa ikabaki 50 inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake.

Pembeni, kwenye kuta za nje, fikisha sufi juu ya ukuta wote, ila acha nafasi ya milimita 50 kati yake na bati ili hewa ya kutoka kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ipite. Kipande cha hadibodi kilichopigiliwa mshazari kati ya kenchi kinaizuia sufi isisogee. Usiache mapengo. Kwa hesabu ya hapo juu, sehemu moja ya ishirini ya dari ikibaki wazi, joto linalopotea linaongezeka kwa karibu theluthi moja.

Mavazi: mikono mirefu, glovu, miwani ya kazi inayofunika pembeni, na barakoa ya FFP2 au N95. Ile ya kitambaa haifai. Nyuzi za sufi huwasha ngozi na kukera koo. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiondoa sufi ya kioo ya majengo kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani mwaka 2001, lakini hiyo si ruhusa ya kuivuta puani. Ukimaliza, oga kwa maji ya baridi kwanza bila kusugua, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Fanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo darini chini ya bati ni tanuri, na fundi aliyeishiwa nguvu ndiye anayekanyaga jipsamu.

Kama paa lako ni la mteremko mdogo kiasi kwamba mtu hapenyi pembeni, fungua mstari wa bati la chini na ufanyie kazi kutoka nje. Kwa anayejenga sasa, njia rahisi ni kulaza sufi huku jipsamu ikifungwa, chumba kwa chumba.

Bati jipya, dari inadondosha maji

*Nimepaua mwaka jana kwa bati nzuri. Juni na Julai asubuhi naona maji yanadondoka kwenye dari ya mbao za paina, na hakuna mvua. Fundi anasema bati ni bovu. Nibadilishe? (Msomaji, Mafinga)*

Bati lako halina kosa. Hayo maji yametoka ndani ya nyumba yako mwenyewe: pumzi za wanaolala, sufuria la chai, maji ya kuoga. Hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Usiku wa Julai Mafinga, chini ya anga lisilo na mawingu, bati linashuka chini ya hapo bila shida, mara nyingi likiwa baridi kuliko hewa ya nje. Mvuke unapenya kwenye mianya ya dari, unakutana na bati, unageuka matone. Jua likitoka, matone yanateleza na kudondoka.

Na dari yako ni ya mbao za paina. Mbao hizo, hata zikiwa za ulimi na mfereji, zikifungwa mbichi hukauka na kuachana, na kila mwanya ni bomba la mvuke.

Dawa ni tatu na zote zifanyike. Kwanza, mvuke utoke nje: feni au tundu la jikoni na bafuni lipitishe hewa hadi nje ya ukuta au juu ya bati, siyo kuishia darini kama tunavyoona mara nyingi. Pili, mianya ya dari izibwe. Kwa dari ya mbao, tandika nailoni moja kwa moja juu ya mbao, miisho ikipandana sentimita 15 na kugandishwa kwa utepe, halafu sufi ndiyo ije juu yake. Mpangilio huo usigeuzwe. Kuna mafundi wanaofunika sufi kwa nailoni juu ili kuikinga na mvua ya bati linalovuja. Hapo mvuke unanaswa chini ya nailoni, sufi inalowa, mbao zinaoza.

Tatu, paa lipumue. Kanuni za ujenzi za Marekani huruhusu tundu la hewa la moja ya mia tatu ya eneo la dari endapo hewa inaingia chini na kutoka juu. Ni kipimo kizuri hata kwetu. Dari ya mita za mraba 72 inataka mita za mraba 0.24, nusu chini na nusu juu. Nusu ya chini, yaani sentimita za mraba 1,200, ni kama matundu 61 ya kipenyo cha sentimita 5 kwenye ubao wa chini ya upenu. Weka 31 kila upande. Nusu ya juu iwe madirisha mawili ya luva za mbao kwenye kuta za pembetatu, kila moja likiwa na uwazi wa sentimita 20 kwa 30. Ukiweka wavu wa kuzuia popo na ndege, panua kidogo, kwa sababu nyaya zake zinakula nafasi.

Jambo moja la kujiandaa nalo: ukishaweka sufi, darini kutakuwa na baridi zaidi kuliko zamani, kwa kuwa joto halipandi tena. Anayeweka sufi bila kuziba mianya na bila matundu ya hewa atapata matone mengi kuliko mwanzo.

Pumba za mpunga

*Shikamooni wakubwa. Huku Mbarali pumba za mpunga zinachomwa bure kwenye mashine. Nimesikia zinahami joto. Naweza kumwaga darini badala ya kununua sufi? Na maranda ya mbao je? (Msomaji, Chimala)*

Marahaba. Umesikia kweli: pumba kavu zilizomwagwa bila kushindiliwa huzuia joto karibu sawa na sufi ya kioo. Tatizo lipo kwingine.

Anza na uzito. Mita ya ujazo ya pumba ni kama kilo 100 hadi 150, hivyo sentimita 10 darini ni kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba. Jipsamu ya milimita 9 yenyewe haifiki kilo 8. Unaibebesha dari mzigo mkubwa kuliko nafsi yake, na mbao za dari zilizopangwa kila sentimita 60 zitapinda. Zipangwe kila sentimita 40, na skurubu kila sentimita 20.

Kisha moto. Pumba zina silika nyingi, kwa hiyo haziwaki kwa miali mikubwa. Zinafuka polepole, ndani kwa ndani, na unaweza kulala usijue. Ukimwaga maji juu, moto wa chini unaendelea. Kuchanganya chokaa kunapunguza wadudu lakini usikuhesabu kama kinga ya moto. Maranda ni mabaya zaidi: yanashika moto upesi na yanavuta unyevu.

Halafu panya. Mashine zetu huacha chenga na vipande vya mchele ndani ya pumba, na panya wa Usangu hawahitaji mwaliko.

Kwa banda la vifaranga au stoo isiyo na umeme, tumia: pepeta kwanza, anika siku mbili juani, mwaga sentimita 10 juu ya kitambaa kinachopitisha hewa, na kagua kila mwaka baada ya masika. Kwa nyumba ya kulala watu yenye nyaya darini, hatushauri.

Shawa ya umeme na nyaya zilizofunikwa

*Nimeshaweka sufi mwenyewe darini, nikafunika kila kitu vizuri. Sasa shawa ya umeme ikiwashwa, taa zinafifia na karibu na swichi kunanuka plastiki. (Msomaji, Kihesa, Iringa)*

Zima sakiti breka ya shawa leo na isiwashwe mpaka fundi apande.

Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampia 24. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliobanwa ukutani ukiwa wazi unabeba kama ampia 27, kwa hiyo kabla ya sufi ulikuwa unaponea chupuchupu. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zinasema waya uliozungukwa na kihami joto pande zote kwa nusu mita au zaidi uhesabiwe nusu ya uwezo wake, yaani ampia 13.5. Ndani ya paipu uwezo hupungua zaidi. Waya unachemka, na breka ya ampia 32 haikatiki kwa kuwa, kwa mtazamo wake, ampia 24 si kosa. Plastiki ya waya wa kawaida imekusudiwa nyuzi joto 70. Ikizidi hapo kwa muda mrefu inakakamaa na kupasuka.

Hata waya wa milimita 6 ukizikwa kabisa unabaki na ampia 23.5, haufiki. Kwa hiyo suluhisho si waya mnene peke yake. Fundi aweke waya wa milimita 6 kutoka kwenye meni swichi, aupitishe *juu* ya sufi, umebanwa kwenye mbao za kenchi ambako unapata hewa. Pale unapopenya sufi kushuka ukutani ni sentimita 10 tu, na kwa urefu huo waya unabaki na asilimia 78 ya uwezo wake, jambo linalostahimilika. Waya wa taa za LED hauna mzigo wa kutisha, ila nao ukipanda juu ni bora. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe, hakuna kuoneana haya kwenye hilo.

Taa zilizozamishwa kwenye dari nazo uzifunue. Kanuni za umeme za Marekani zinakataza kihami juu ya taa hizo na ndani ya milimita 75 kuzizunguka, isipokuwa taa iliyotengenezwa kwa ajili ya kufunikwa. Zile za zamani za halojeni zipe milimita 200, au zibadilishe. Kisanduku cha LED kinachobadili umeme kikae juu ya sufi.

Wenye foili wasome na hili. Alumini inapitisha umeme. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianza mpango mkubwa wa kugharimia kuhami dari za nyumba, ukasitishwa Februari 2010. Vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa kupigwa na umeme, na miongoni mwa visababishi kulikuwa na pini za chuma zilizopigwa kushikilia foili zikatoboa waya. Foili ikifungwa, meni swichi iwe imezimwa na kufungwa, siyo swichi ya taa tu, na pini ziwe za plastiki au foili ishikwe kwa vipande vya mbao.

Jiko la mkaa chumbani

*Njombe baridi haivumiliki. Tumeziba matundu yote juu ya madirisha na chini ya mlango, tunaingiza jiko la mkaa likishashika vizuri, bila moshi. Kuna hatari? (Msomaji, Njombe)*

Ndiyo, ya kifo. Mkaa usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki. Dalili kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na ikiwapata watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa pamoja, msidhani ni chakula. Tokeni nje wote, mfungue milango, mwende hospitali.

Kadiri nyumba inavyohamiwa vizuri ndivyo jiko la wazi linavyozidi kuwa hatari, kwa sababu upepo uliokuwa ukiwaokoa bila kujua umezibwa. Fungueni matundu ya juu ya madirisha ya vyumba vya kulala, yabaki wazi. Sufi darini itawapa joto zaidi ya yale matundu yanayolipoteza. Mkitaka moto ndani, jengeni meko yenye bomba la moshi. Bomba la chuma la ukuta mmoja likae milimita 450 mbali na mbao, na dohani ya matofali milimita 50. Sufi ya kioo yenye karatasi isiguse vyote viwili. Tundu la dari lifunikwe kwa bati na nafasi ijazwe sufi ya mawe (nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, zisizoungua) isiyo na karatasi.

Nyumba ya wageni na bodi za povu

*Najenga nyumba ya wageni ya vyumba 14 mjini Mbeya. Nataka kugandisha bodi nyeupe za povu ukutani kwa ndani, nipake rangi juu. Je, halmashauri inahusika? (Msomaji, Mbeya)*

Inahusika, na si peke yake. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na michoro uliyopitishiwa ndiyo unayopaswa kujenga. Tabaka la kuhami lionyeshwe kwenye mchoro wa mkato: aina, unene, na kinachoifunika. Kwa jengo la kulaza umma, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa Sheria ya 2007, hukagua michoro na jengo. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, na mafundi walio juu ya ngazi wanaangukia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ambayo wakala wa serikali OSHA ndio unaoisimamia.

Kuhusu povu kupakwa rangi tu: usifanye. Polistairini, yaani povu hilo jeupe, huyeyuka, hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito. Kwenye korido ya vyumba 14 wageni hawataona mlango. London mwaka 2017, jengo la Grenfell Tower liliua watu 72, moto ukiwa umepanda kwenye vifuniko na bodi za kuhami za ukuta wa nje. Kanuni za Marekani zinataka povu la ndani lifunikwe kwa jipsamu ya milimita 12.7 au kinachostahimili moto sawa na hiyo. Fuata hilo kama kiwango cha chini, jipsamu ikiwa imefungwa kwa skurubu hadi kwenye ukuta wenyewe, si kwa gundi juu ya povu. Gundi nayo iwe ya maji. Yenye petroli inayeyusha polistairini. Nyaya zisiguse povu hilo, maana plastiki ya waya inapoteza ulaini wake na kukatika, basi zipite ndani ya paipu.

Kwa maoni yetu, ukutani tumia sufi ya mawe ya milimita 50 nyuma ya jipsamu. Haiungui, na kelele za chumba cha jirani zinapungua. Wageni watakushukuru kwa hilo la pili zaidi.

Paa la zamani la asbesto

*Tumenunua nyumba ya zamani karibu na Tukuyu, paa ni lile la kijivu la mawimbi. Tuweke sufi chini yake au tulitoe? (Msomaji, Rungwe)*

Kama ni bati za saruji zilizochanganywa na asbesto na bado ni nzima, msizitoboe, msizikate kwa msumeno, msizisugue ukungu kwa brashi. Nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani, na hapa hakuna mjadala kama wa sufi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na paa la aina hiyo lililolika na mvua linamwaga nyuzi kwenye gata na darini. Msipande darini kuweka kitu chochote kabla ya paa kushughulikiwa.

Wasilianeni na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya, kuhusu kulitoa na mahali pa kulizika. Kazi yenyewe hufanywa siku isiyo na upepo: bati zinaloweshwa, skurubu zinafunguliwa au kukatwa kwa mkono, kila bati linashushwa zima, linafungwa kwa nailoni mara mbili na kuandikwa. Wafanyakazi wavae barakoa za P3 na ovaroli za kutupa. Zisigeuzwe kuwa uzio wa bustani wala paa la banda la nguruwe.

Panya

*Sufi yangu imejaa mashimo ya panya. Dawa? (Msomaji, Makambako)*

Wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6 kwenye kila upenyo wa upenu, saruji kuzunguka mabomba, na matawi ya mti yakatwe mita 2 kutoka kwenye bati. Sumu isiwekwe darini: panya atafia ndani ya sufi na mtamnusa mwezi mzima. Vipande vilivyolowa mkojo vitoeni kwa glovu na barakoa mkivinyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu kwanza, mweke vipya vya unene ule ule.